Huchinjwa, hukaliwa

Chemshabongo za gazetini ziko namna mbili. Ya kwanza hukuuliza mji mkuu wa Uganda kwa herufi saba. Unaandika KAMPALA, unaendelea na chai yako. Ya pili hukuambia: "Chakula ndani ya mwalimu (4)". Ukiisoma mbiombio unamwona mwalimu aliyeshiba. Ukimwacha mwalimu na tumbo lake, ukatazama herufi zake, unauona wali umekaa katikati, m-WALI-mu, na umekuwapo hapo tangu darasa la kwanza bila ya wewe kuubaini. Nataka kuizungumzia hii ya pili, chemshabongo ya mafumbo. Hakuna mchezo ulionipa raha kama huu wala ulionikasirisha kama huu, na sehemu kubwa ya raha na hasira hizo nimeipata kwa sababu siuchezi peke yangu.

Mwenzangu ni mjomba wangu, kaka yake mama, karani mstaafu wa bandari ya Kilindini. Enzi za kazi yake, gazeti la Kiingereza kutoka Nairobi lilipita kwanza mikononi mwa wakubwa wa ofisi. Lilipomfikia jioni lilikuwa limeshasomwa lote isipokuwa ukurasa mmoja ambao hakuna aliyeugusa. Jedwali lilikuwa moja lakini vidokezo vilikuwa seti mbili, vyepesi na vya mafumbo. Mjomba alijaza kwa vile vyepesi kwanza, halafu akavisoma vya mafumbo akiwa na majibu tayari, akitafuta mtunzi alipita njia gani kuyafikia. Ndivyo alivyojifundisha, nami alinifundisha vivyo hivyo nilipokuwa sekondari: jibu kwanza, ujanja baadaye. Mpaka leo sijaona njia bora kuliko hiyo.

Ujanja wenyewe una kanuni. Karibu kila kidokezo kina sehemu mbili zilizoshonwa pamoja, mshono usionekane. Moja ni maana ya jibu, nayo huwa mwanzoni au mwishoni mwa sentensi, si katikati. Iliyobaki ni maagizo ya kuzipata herufi: zivuruge, zigeuze, ziunganishe, zitafute zilikofichwa. Tarakimu ya kwenye mabano ni idadi ya herufi. Chukua hiki: "Mali yavurugika: mwalimu asoma, sisi twaandika (4)". Unafikiri ni habari ya shule iliyoibiwa fedha. Kumbe unaambiwa uvuruge herufi za neno mali upate IMLA. Herufi hizohizo nne hazijaisha: "Lima ovyo, upate cha kumwaga barabarani (4)" ni LAMI, na MILA bado inasubiri kidokezo chake. Siku Mjomba alipoyapanga maneno hayo matano kwenye pambizo ya gazeti, mali, lima, lami, mila, imla, nilikaa nikiyatazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeyasema yote maishani mwangu bila kujua kwamba ni ndugu wa herufi.

Kuna vya kufichwa: "'Baba, karibu!' Kumbe ndani yumo bwana mmoja (6)". Soma herufi mfululizo, ba-BA KARI-bu, utamkuta BAKARI. Kuna vya kugeuza: "Kisiwa kilichogeuza uma (3)", nacho ni AMU, jina ambalo wenyeji wa Lamu hawajaliacha. Na kuna vya maana nyingi, ninavyovipenda kuliko vyote kwa sababu havina fundi wa kuvuruga wala kugeuza, ni lugha yenyewe inajificha nyuma ya nafsi yake: "Keti: mmoja yuko ufuoni, mwingine jikoni (3)". Ni KAA, kitenzi, na kaa wa pwani, na kaa la moto.

Kwa nini watu wawili? Kwa sababu watu wawili hawadanganywi kwa namna moja. Mimi ni mwepesi wa kuinusa maana. Nikiona "sisi twaandika" mawazo yangu hukimbilia daftari, barua, mtihani, imla, na mara nyingi hulipata jibu bila kujua limetokana na nini. Mjomba ni kinyume changu. Yeye huivunja sentensi vipandevipande, akajua kwamba neno hili ni la kuvurugwa na lile ni la kuongezwa mbele, na akabaki na herufi zote mezani bila jibu. Nikimtajia jibu haliandiki mpaka nieleze kila herufi imetoka wapi. "Hilo umeliokota, mwanangu," huniambia. "La kuokota si lako." Tumegombana sana juu ya kanuni hiyo. Mimi nataka miraba ijae ili herufi zitusaidie mbele. Yeye yuko radhi jedwali libaki nusu tupu, mradi tulichokiandika tunakijua. Amenishinda kwa hoja, kwani jibu la kuokota likiwa baya huharibu kona nzima, na katika kona iliyoharibika huwezi kujua ni neno gani kati ya manne linalosema uongo.

Kinachoudhi zaidi ni kimya cha mwenzio aliyekwisha kuona. Nimeinamia kidokezo, nimekisoma mbele na nyuma, nainua kichwa, namwona Mjomba ametulia anatazama wapita njia. Najua kwamba ameshapata. Anajua kwamba najua. Hataki kusema, na mimi sitaki aseme, lakini siwezi tena kufikiri kwa utulivu kwa sababu jibu liko umbali wa mkono, ndani ya kichwa cha mtu anayekunywa kahawa. Tukachukua dawa ya vitendawili vya zamani. Anayeshindwa hutoa mji. Nikimwambia, "Haya Mjomba, nakupa Tanga," hulipokea kwa heshima zote, akasafiri: amefika Tanga, akapokewa na wazee wa mji, akapewa samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, akala akashiba, akaulizwa jibu la mlalo wa kumi na mbili, akasema ni kadha wa kadha. Kuna jioni ametembea pwani yote kutoka Kismayu hadi Kilwa kwa ushinde wangu.

Mafumbo tuliyoanza nayo yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha mafumbo hakisomwi shuleni. Mfano wa zamani ni "Flower of London (6)". Unatafuta ua la herufi sita, na hakuna ua: neno flower ukilisoma kwa namna nyingine, flow-er, ni kitiririkacho, kwa hiyo ni mto, kwa hiyo THAMES. Baharia huwa "tar" au "AB". Mfanyakazi huwa "ant" au "bee", kwa kuwa siafu na nyuki hawapumziki. Bata huwa herufi O, kwa sababu katika kriketi mchezaji aliyetoka bila ya kupata kitu husemwa amepata bata, yaani sifuri. Mjomba hakuwahi kushika bao la kriketi. Alimwendea mwenzake wa ofisini, Mhindi aliyekuwa akicheza pale Mombasa Sports Club, akamwomba amfundishe msamiati wote wa mchezo ule bila ya kumpeleka uwanjani. Akaujaza katika daftari, kriketi ukurasa mmoja, vyeo vya jeshi ukurasa mwingine, mito ya Uingereza ukurasa wa tatu. Sioni kwamba watunzi wale walituonea, kwani mtunzi huwaandikia majirani zake. Lakini uchovu wake ni wa kweli. Unaweza kuuona ujanja wote wa kidokezo, ukajua pa kukata na pa kuunga, ukakwama kwa sababu hukuzaliwa karibu na kijito fulani cha Devon.

Jambo hili halikuanzia kwa Waingereza. Jedwali la kwanza lilichapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, kazi ya Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, na vidokezo vyake vilikuwa vya moja kwa moja. Gazeti la The Times la London liliwacheka Wamarekani mwaka 1924 kwamba wamekuwa watumwa wa mchezo huu. Tarehe 1 Februari 1930 likaanza kuchapisha wa kwake. Uingereza ndiko mafumbo yalikoingia. Edward Powys Mathers alianza kutunga katika The Observer mwaka 1926 kwa jina la Torquemada, lile la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyeogopwa kwa mateso, na waliomfuata katika gazeti hilo wakashika desturi: Ximenes, halafu tangu 1972 Azed, ambaye jina lake ni la Deza, mkuu mwingine wa mahakama ileile, lililosomwa kutoka mwisho. Watu hawa walijiita watesaji waziwazi, na wasomaji wakawapenda.

Kilichoyafanya mateso hayo yavumilike ni kanuni moja. Mtunzi aliyejiita Afrit aliiandika mwaka 1949: si lazima nikusudie nisemalo, lakini ni lazima niseme nilikusudialo. Mjomba ameinakili kwenye jalada la ndani la daftari lake, nami naiona kuwa ndiyo roho ya mchezo wote. Mtunzi ana ruhusa ya kukupeleka shuleni, baharini, kwenye harusi, popote ambapo jibu halipo. Hana ruhusa ya kukuandikia sentensi ambayo ukiisoma neno kwa neno, kama ilivyo, haikufikishi. Ukishalipata jibu unapaswa kuitazama sentensi ile upya na kukiri kwamba iliyasema yote mbele ya macho yako. Usipoweza kukiri hivyo, ameshindwa yeye.

Kwa hiyo naona kwamba hata tukiwa wawili barazani huwa tuko watatu. Wa tatu ni mtunzi, na baada ya miaka unamjua tabia zake: huyu anapenda dini na muziki, yule hawezi kupita kidokezo bila ya kutia chakula. Mjomba alimpenda Araucaria wa The Guardian, ambaye jina lake halisi lilikuwa John Graham, kasisi wa Kianglikana aliyetunga katika gazeti hilo tangu 1958. Januari 2013, akiwa na umri wa miaka 91, chemshabongo yake ilitanguliwa na maelezo mafupi kwamba Araucaria ana neno la wima namba 18, la mahali namba 19, na anatibiwa kwa namba kadhaa. Wafumbuzi walijaza miraba kama siku zote. Majibu yakawa saratani, umio, huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Tuliposoma habari zake Mjomba alisema kwamba mtu yule hakutoa tangazo la ugonjwa, aliwaacha rafiki zake waligundue pamoja naye, kwa mwendo wao, herufi kwa herufi. Sijui njia ya upole zaidi ya kuwaambia watu jambo la namna hiyo.

Kisa kingine akipendacho ni cha Leonard Dawe, mwalimu mkuu aliyetungia The Daily Telegraph. Kati ya Mei na mwanzo wa Juni 1944, jedwali zake zilitoa Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune, yote majina ya siri ya uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa, uliokuwa unakaribia katika Vita vya Pili vya Dunia. Maofisa wa usalama walimwendea wakamhoji, wakamwacha. Mwaka 1984 mwanafunzi wake wa zamani alieleza kwamba mwalimu alikuwa akiwapa vijana miraba mitupu wamjazie maneno, naye akaja kutunga vidokezo, na vijana waliyaokota maneno yale kwa askari waliopiga kambi karibu na shule. Hata kutunga, basi, kulikuwa kazi ya watu wengi.

Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma tujaribu wenyewe kwa Kiswahili. Tulianza vibaya, kwa kutaka kubeba vya watu. Kuna kidokezo maarufu cha Kiingereza ambacho ni herufi tupu, "HIJKLMNO (5)", na jibu ni WATER: kutoka H hadi O kwa Kiingereza, "H to O", kunasikika sawa na H2O. Alfabeti yetu nayo ina mfululizo uleule, kwa hiyo tukaandika (4) tukingoja MAJI. Hayakutoka. Raha yote imo katika neno dogo la katikati ambalo kwetu halisikiki hivyo. Fumbo la lugha moja likihamishwa hufa njiani, na tulipolikubali hilo tukaanza kutazama kilichopo nyumbani.

Kilichopo si kidogo. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu mwaka 1840, aliishi Mombasa hii hii akitunga beti zenye maana ya juu na maana ya ndani, na watu wa mji wakazisoma pamoja wakibishana nani kalengwa. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Tanganyika mwaka 1923, kurasa zake za mashairi zikawa uwanja wa malenga kuulizana na kujibizana, mmoja akafumba katika toleo hili na mwingine akafumbua katika toleo lijalo, kwa vina na mizani. Hao walikuwa wafumbuzi wenzetu. Kilichokosekana ni miraba tu.

Na miraba ndiyo iliyotutoa jasho. Katika jedwali la Kiingereza la kawaida, kila herufi ya pili hukutana na neno jingine. Maneno yetu mengi huenda konsonanti, vokali, konsonanti, vokali. Kwa hiyo neno la Kiswahili likilazwa pale, makutano yake yanaweza kuwa vokali tupu au konsonanti tupu. Ukipewa _A_A_U umepewa nini? KALAMU yaingia, SABABU yaingia, HARAMU, SALAMU, KARAMU, zote zinapiga hodi. Mjomba akasema tuanzie mraba mmoja mbele, tupewe konsonanti, K_L_M_, tutaona nafuu. Tukapata KALAMU, KILIMO, KILIMA, KULIMA na KALIMA. Hapo tulielewa kwamba kwa Kiswahili jedwali halitakubeba sana. Kidokezo lazima kifanye kazi yote, na kwa hiyo lazima kiwe cha haki zaidi. Tuliamua pia kwamba ng'ombe ana miraba sita na ritifaa yake inabaki nje ya jedwali. Shauri hilo lilichukua vikombe vingi vya kahawa.

Taabu kubwa zaidi ni upatanisho. Kiingereza huweza kuficha jibu nyuma ya kitenzi kisichosema lolote. Kitenzi chetu ni mbea: ukiandika "kilicho" umeshamwambia mfumbuzi kwamba jibu ni la ki-vi, na ukiandika "aliye" umemwambia lina roho. Mjomba aliniletea kidokezo alichokipenda sana: "Agemwa mnazini mkubwa wa mwituni (5)". Jibu ni TEMBO, mnyama na kinywaji. Nilikikataa. Tembo wa mwituni ni "yeye", sawa, lakini tembo la mnazi hakuna anayeliambia "agemwa". Sentensi haisemi inachokusudia, na kanuni ya Afrit imo ndani ya daftari lake mwenyewe. Alikasirika. Alisema mafumbo si somo la sarufi. Nilipoamka asubuhi nikakuta ujumbe kwenye simu: "Hugemwa mnazini, hutisha mwituni (5)". Nilicheka peke yangu kitandani. Hu- haina nafsi wala ngeli. Mtu, mti na mnyama wote huingia humo, na hakuna anayejulikana. Kiambishi kile ambacho mwalimu alitufundisha ni cha mazoea tu ndicho vazi la mtunzi wa mafumbo ya Kiswahili. Siku ileile tukapata kile ninachokiona kuwa bora kuliko vyetu vyote: "Huchinjwa, hukaliwa (5)". Maneno mawili. Mtu akifikiri ni habari ya ukatili tunamwacha afikiri, mpaka akumbuke nani hukaa juu ya nini anapokuna nazi.

Si kila kitu tunakubaliana. "Sumu ndogo mjini kando ya ziwa (6)" ni yangu, na Mjomba hajaipitisha. Anasema hakuna Mswahili aliyewahi kuitia sumu ki- ya udogo, na kwamba Kisumu wenyewe watashangaa. Mimi nasema kitoto kipo na kigari kipo, na sarufi haikuweka ubao wa kuizuia sumu. Tumelipeleka shauri kwa mama, ambaye amekataa kulisikiliza.

Hiki hapa hakina ubishi: "Atupa juu mji wa kaskazini (6)". Nilikitunga ndani ya matatu nikarudi nacho mbio, nikitumaini kwamba jioni ile ni mimi nitakayesafirishwa mji kwa mji na kulishwa samaki. Mjomba alilifumbua kabla sijamaliza kusoma.